Darubini ya Kapteni Harro

Kama miezi hii ya baridi ulikuwa na shughuli za maana zaidi, hukukosa kitu kizuri. Duka la baiskeli la mume wangu Eckart lilifungwa, nyumba ya kupanga tukatolewa, na mimi Heidrun, mwanamke mtu mzima mwenye sufuria zake, nikahamia kwa mama mkwe hapa Flensburg, katika nyumba ya akina Brodersen iliyo kilimani ikiitazama ghuba. Tulipewa chumba alicholala Eckart alipokuwa mtoto. Kitanda nacho ni kilekile. Miguu ya mume wangu inatokeza nje.

Nilidhani nimefika sakafuni. Nilisahau kwamba nyumba za kwetu zina ghala chini ya sakafu.

Sasa sikiliza habari ya darubini.

Sebuleni kwa mama mkwe kuna kabati la vioo, na ndani yake, juu ya kitambaa cha bluu, kuna darubini ya macho mawili. Picha ya harusi yetu iko chooni, lakini darubini ina kitambaa chake. Ilikuwa ya Kapteni Harro Brodersen, babu yake Eckart, aliyeishika mkononi mwaka 1916, siku meli zetu na za Waingereza zilipotwangana Bahari ya Kaskazini. Jina lake limechongwa kando ya jicho la kulia. Kila mgeni anayeingia mle ndani husimuliwa jinsi Kapteni alivyoziona manowari za adui kabla ya wenzake wote. Nilipoolewa alikuwa ameona moja. Hivi sasa ameshafika sita, na amekufa tangu kabla ya vita ya pili.

Ukoo huu una sheria moja: mwenye darubini ndiye mwenye nyumba. Kapteni alimwachia mwanawe Uwe, ambaye ni marehemu baba mkwe wangu. Uwe akamwachia mkewe, Mama Irmgard. Na Mama alikuwa ametangaza kwamba siku atakayotimiza miaka sabini atamkabidhi Eckart, mwanawe wa kwanza, mbele ya watu wote.

Asiyelala usingizi kwa tangazo hilo ni wifi yangu, Sieglinde. Huyu ni mke wa daktari wa meno, na husema "sisi madaktari" ingawa yeye mwenyewe hajawahi kung'oa hata msumari. Wifi anaamini kwamba damu ya Kapteni Harro imepita kwa Eckart kama maji yanavyopita kwenye chujio, na kilichobaki chote kimeingia kwake. Ushahidi wake ni duka la baiskeli.

Basi wifi akaja na hoja. Kitu cha thamani namna ile hakiwezi kukabidhiwa bila bima, na watu wa bima wanataka kujua umri wake na bei yake. Nani aipeleke kwa mjuzi? Yeye ana wagonjwa, ingawa wagonjwa ni wa mumewe. Akanigeukia.

"Wewe wifi huna kazi," alisema kwa upole. "Panda basi uende."

Nikapanda basi, nikaenda. Darubini niliipakata ndani ya kasha lake la ngozi, kama mtoto wa watu.

Mjuzi mwenyewe anaitwa Thamsen, ana duka la vitu vya kale vya baharini katika mtaa wa zamani kule mjini. Ni mtu anayekutoza pesa ili akwambie usichotaka kusikia. Alivaa miwani, akavua, akavaa mingine. Akaniuliza nani kaniambia kwamba darubini ile ilikuwa vitani mwaka kumi na sita. Nikamwambia ukoo mzima.

"Ukoo mzima ulikuwepo?" akauliza.

Akanivuta hadi dirishani, akaigeuza darubini mpaka mwanga ukagonga lenzi. Mng'ao uliorudi ulikuwa wa zambarau, kama mafuta ya gari juu ya dimbwi. Akachukua nyingine kutoka rafuni kwake, chakavu, akaigeuza vilevile. Ile ikarudisha mwanga mweupe mtupu, kama kioo cha dirisha.

Alinieleza taratibu, kwa raha zote. Ile yake chakavu ndiyo ya enzi za Kapteni. Ya kwetu lenzi zake zimepakwa utando wa kuzuia mng'ao, na mwaka kumi na sita utando huo ulikuwa bado haujabuniwa. Hii ya kwetu, alisema, ni ya miaka ya hamsini. Halafu akapitisha ukucha juu ya jina lililochongwa, akacheka peke yake. Alisema herufi zile ni za mashine ya kuchongea vikombe vya washindi wa mpira.

Alijua mengi yule bwana, siwezi kumnyima haki yake. Alikosea kwenye kasha tu. Aliapa kwamba ngozi ile ni ya Denmark, na mimi nikamwonyesha chapa ya fundi wa hapahapa Flensburg ndani ya mfuniko. Akasema Denmark si mbali.

"Nitakupa mark mia na ishirini," alimalizia, "pamoja na kasha. Ungeniletea ile ya kweli, yenye jina la mtu aliyekuwepo siku ile, ningekupa elfu mbili nikiwa nimesimama."

Njia nzima kwenye basi nilikuwa nacheka. Miaka yote nimepanguswa kando ili darubini ipanguswe vumbi, kumbe bibi huyo wa kabatini ni mdogo kuliko mimi kwa miaka miwili mitatu. Niliona kama nimebeba kichekesho cha kuwapa watu wapumue. Mtu mwenye akili angeshuka kituo cha mbele akatafakari. Mimi nilishuka kituo chetu nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya kahawa, ambako wifi alikuwa ameshakata keki, nikawaambia.

Wifi hakukasirika. Alitabasamu, na anayemjua wifi yangu anajua kwamba akikasirika kuna nafuu.

"Kwa hiyo iliondoka hapa ikiwa ya mwaka kumi na sita," alisema, "ikafika mjini ikawa ya miaka ya hamsini. Kwa safari fupi ya basi. Hongera, wifi."

Sikuelewa mara moja. Nilifikiri naye ameona kichekesho. Ilibidi anifafanulie: nani aliitoa kwenye kabati? Heidrun. Nani alikwenda nayo peke yake? Heidrun. Nani ana mume asiye na duka, asiye na nyumba, mwenye madeni? Akasema za mwizi arobaini, ila mwingine humtosha moja.

Nikamweleza habari ya jina lililochongwa. Akajibu kwamba mwizi asiyejua kuchonga jina hafai kuitwa mwizi. Nikasema twende sote kwa Thamsen tukamuulize. Akasema bila shaka Thamsen atasema nilichomlipa aseme.

Mama Irmgard alikuwa anakoroga chai yake yenye ramu. Alikoroga kwa muda mrefu sana. Kisha akasema keki itakauka.

Nilimtazama Eckart. Nikamngojea ainuke, apige meza, aseme mke wangu si mwizi. Eckart aliinuka kweli. Alikwenda jikoni kuongeza maziwa kwenye kijagi kilichokuwa kimejaa. Nikamfuata.

"Heidrun," aliniambia huku ameshika mlango wa friji, "kama uliiuza, niambie tu. Sitakasirika. Najua hali yetu."

Nimeishi na mwanamume huyu miaka ishirini. Nimevumilia baiskeli sebuleni, minyororo kwenye sinki la kuoshea vyombo na matairi chini ya kitanda. Sikujua kwamba kusamehewa kosa usilolifanya kunauma kuliko kutukanwa. Nilimwambia sikuiuza. Akaitikia kwa kichwa, vile mtu anavyoitikia mgonjwa anayesema kesho atapona.

Wifi hakulala na jambo. Jumamosi ile tangazo likatoka gazetini: imepotea darubini ya kivita, jina Harro Brodersen, mwenye nayo arudishe, zawadi mark mia tano, hatutauliza maswali. Maswali yote alikuwa ameniwekea mimi. Mwanamke wa duka la mikate, aliyekuwa akinikopesha mkate kwa jina langu, sasa alisubiri kwanza aione noti. Mchungaji alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili na kuniambia mlango wa kanisa uko wazi. Nikamjibu najua, baridi yote inaingilia pale.

Siku ya kuzaliwa ikakaribia. Wifi alikuwa tayari ameamua kwamba mwenye mke mwizi hawezi kukabidhiwa nyumba ya Kapteni. Alisema hivyo mbele ya Eckart, na Eckart akasema labda ni kweli.

Siku hiyohiyo Mama aliniita nimsaidie kutoa viazi ghalani. Nilishangaa. Viazi vya nyumba ile hutolewa na Mama mwenyewe, kwa sababu hamwamini mtu kuchagua vilivyoanza kuota. Tulishuka ngazi. Akaketi juu ya kreti, akaniacha nimesimama na kikapu.

"Thamsen hakukosea," alisema. "Ile niliinunua mimi."

Nikaweka kikapu chini.

Alinisimulia bila kunitazama, huku akivunja machipukizi ya viazi kimoja baada ya kingine. Ilikuwa baridi kali iliyofuata vita, ile ambayo ghuba iliganda watu wakavuka kwa miguu. Mumewe Uwe alikuwa bado mateka wa vita. Ndani ya nyumba hii walijazana wakimbizi kila chumba, na katika chumba kimoja alikuwepo mjane wa Kapteni, mama mkwe wake, akifa polepole kwa njaa. Bibi yule aliapa kwamba darubini haiguswi. Basi Mama, binti wa miaka ishirini na kitu, akaificha ndani ya koti, akatembea mpaka mashambani kule Angeln, akambadilishia mkulima kwa viazi na nyama ya nguruwe ya kukausha.

Mjane wa Kapteni alikula vile viazi mpaka akapona. Kila akimaliza kula aliuliza darubini iko wapi. Mama alimwambia ameificha ili Waingereza walioshika mji baada ya vita wasiichukue.

Akaendelea kusema hivyo miaka kadhaa, hata Uwe aliporudi. Pesa zilipoanza kupatikana akanunua inayofanana nayo, akamlipa mchonga vikombe, akaisugua kwa majivu, akaitia katika kasha lile la zamani lililokuwa limebaki.

Nikamuuliza kama baba mkwe hakugundua.

"Aliishika," alisema Mama. "Akaitazama, halafu akanitazama mimi. Akasema imetunzwa vizuri. Hakusema kingine mpaka anaingia kaburini."

Nilitaka kumkumbatia, nilitaka na kumtikisa. Mwishoni nikamuuliza swali la kawaida kabisa: sasa atawaambia lini?

Akaniambia hatawaambia.

"Wewe watakuita mwizi mwaka mmoja, watachoka," alisema. "Mimi wataniita mwongo hata nikiwa nimekufa. Nisaidie, mwanangu."

Miaka ishirini sikuwahi kuwa mwanangu katika nyumba ile. Nilikuwa "mke wa Eckart," na siku za hasira "huyu." Nimeupata umwana ghalani, kwa bei ya jina langu. Na mimi mjinga, mwenye ulimi wa kuchoma hata mchungaji, nikamwambia nitafikiri. Nikapandisha viazi.

Nilifikiri kweli. Niliwaza kusema kila kitu. Nikimtazama Sieglinde ulimi ulikuwa unawasha. Lakini nilikuwa namwona binti yule akitembea juu ya theluji na darubini kifuani, akienda kumlisha mwanamke ambaye angemlaani. Nikanyamaza. Mtu asije kusema ni wema. Nilikuwa nimechoka tu kutosadikiwa, na ukweli nao ulikuwa unahitaji mtu wa kuusadiki.

Siku ya sherehe ikafika. Sebule ilijaa majirani na maua. Wifi alivaa bluu ifanane na kitambaa cha kabatini. Alikuwa amemshauri Mama aahirishe makabidhiano "mpaka familia isafishike," na mimi nikapewa kazi ya kufungua mlango na kupokea makoti, maana makoti yana mifuko na walitaka kuniona niko wapi.

Kengele ikalia. Nikafungua.

Mlangoni alisimama mume wangu.

Mume wangu nilikuwa nimemwacha sebuleni na sahani ya keki, nilikuwa bado nasikia anavyokohoa. Huyu wa mlangoni alivaa viatu vya shamba na koti la manyoya, na mikono yake ilikuwa mikubwa zaidi. Lakini paji la uso ni lile, masikio yale yaliyosimama kama vishikio vya sufuria ni yale, na namna ya kuinamisha kichwa kabla ya kusema, kana kwamba anaomba radhi kwa kuzaliwa, ni ileile ninayoamka nayo kila siku.

"Moin," alisalimu. "Samahani, mama. Naitwa Hinrich Jepsen, natoka Angeln. Nimekuja kwa lile tangazo."

Chini ya kwapa alishika kitu kilichofungwa kwenye taulo.

Sikumbuki kumkaribisha. Nakumbuka tulivyoingia sebuleni, na wifi kuiona taulo kabla ya kumwona mtu. Aliifungua yeye mwenyewe. Darubini ilikuwa nyeusi, imebabuka, shaba inachungulia, na jina la Harro Brodersen limechongwa kwa mkono, herufi zimelala upande mmoja kama zinapigwa na upepo. Wifi akaipeleka dirishani. Mwanga ukarudi mweupe.

"Ndiyo hii," alisema, na machozi yalimtoka kweli. Kisha akanigeukia, akamuuliza mgeni huku akinitazama mimi: "Nani alikuuzia?"

Mgeni akashangaa. Akasema hakuna aliyewauzia juzi wala jana. Darubini hiyo iko kwao tangu yeye hajazaliwa, imening'inia kwenye msumari karibu na saa, na baba yake alikuwa hataki mtu aiguse. Ila juzi mzee alisomewa gazeti, akaamuru waiteremshe wairudishe. Zawadi hataki.

Sebule nzima ilinigeukia. Watu wazima walikuwa wakitafuta mahali pa kuweka macho. Mwanamke wa duka la mikate alitazama kiatu chake. Eckart alikuja akanishika bega, akasema jina langu tu. Ningeweza kumjibu maneno ya kumtosha mwaka mzima. Hamu ilikuwa imeniishia, kwa kuwa sasa wawili wale walikuwa wamesimama karibu karibu, na nilikuwa naogopa mtu mwingine atazame.

Eckart akampa mgeni mkono, akamshukuru. Akainamisha kichwa.

"Tumewahi kuonana mahali?" aliuliza.

"Sidhani," alijibu Hinrich Jepsen, naye akainamisha kichwa.

Baba mkwe wangu alirudi kutoka utekani majira ya kuchipua, mwaka ule ule wa baridi kali. Eckart alizaliwa kabla majani hayajaanza kuanguka. Ukoo mzima unasema alizaliwa njiti. Nimeiona picha ya ubatizo wake: njiti yule angeweza kumbeba mchungaji.

Nilimtafuta Mama Irmgard. Alikuwa kwenye kiti chake cha heshima, mabega sawa, na uso umekuwa mweupe kama kitambaa cha meza. Hakuwa anaitazama darubini. Alikuwa anatazama dirishani, kule barabarani, ambako gari la shamba lilikuwa limeegeshwa, na ndani yake kuna mtu.

"Baba yuko kwenye gari," alisema mgeni, kama aliyekumbuka. "Nilimwambia ashuke. Anasema hawezi kuingia humu mpaka aitwe."

Wifi yangu, mwenye furaha, mwenye darubini ya kweli kifuani, mwenye damu yote ya Kapteni, akaona haya kwa niaba ya ukoo.

"Mzee wa watu anakaaje nje na baridi hii?" alisema. "Eckart, wewe ndiye mwenyeji. Nenda ukamlete."

Eckart akaweka sahani chini, akatafuta koti lake. Nilikuwa nimelishika mimi, pamoja na makoti mengine yote. Nikaling'ang'ania. Mama alinyoosha mkono akanishika kiwiko, na vidole vyake vilikuwa na nguvu kuliko nilivyojua.

"Mpe koti lake," aliniambia.

Nikampa. Akatoka. Tulimwona kupitia dirishani akishuka ngazi, akivuka theluji kwa hatua zake za kuomba radhi, akiinama kwenye kioo cha gari. Akagonga kwa adabu.

Kioo hakikushuka. Uliofunguka ni mlango.